Kanyonyi na Mzigo wa Lubugo

Wewe, umeshawahi kusikia mtu analipwa mshahara kwa kufukuza mbuzi? Mimi nililipwa. Mshahara wa kufukuza mbuzi, na uji wa saa nne juu yake.

Siku ya kwanza nilifika kazini nimevaa gauni la kanisani, maana nyumbani kwetu Kanazi mama alikuwa ameshawatangazia wenzake kisimani kwamba binti yake amepata kazi kwenye ndege. Nafika kiwanjani, kule misheni upande wa Muleba, nakuta majani, mbuzi, na Mzungu mrefu wa kaptula amelala chini ya bawa anachungulia tairi. Nikasema shikamoo. Akatoka, akajifuta mikono, akaniangalia.

"Marahaba. Unaweza kukimbia?"

Nikasema naweza.

"Basi vua viatu."

Ndiyo usaili wote huo. Nyie siku hizi mnaulizwa vyeti mpaka mnazeeka.

Kiwanja chetu hakikuwa na lami. Kilikuwa uwanja wa majani juu ya kilima, huku mwisho migomba ya watu, huku mwisho bonde. Rubani akitaka kutua, kwanza anapita chini chini bila kugusa, anaangalia kama pako salama. Akipita hivyo, mimi na fimbo yangu natoka mbio. Mbuzi, ng'ombe, mama anayekatisha na kikapu cha maharage, wote natoa. Nikimaliza nasimama pembeni nanyoosha mikono miwili juu, maana yake njia nyeupe. Tulikuwa pia na soksi ya upepo. Siyo ya mguu. Ni mfuko wa kitambaa chekundu kwenye mlingoti, upepo ukiingia unavimba na kuonyesha unakotokea. Ndege inatua ikiutazama upepo usoni, kama kuku. Umeona kuku akiupa upepo mgongo? Manyoya yanainuka yote, anaona aibu.

Yule Mzungu alikuwa Mmarekani, umri wa baba yangu. Watu walimwita Kanyonyi, kwetu Wahaya ni kandege kadogo, na yeye jina lilimfurahisha, akawa analitumia hata kwenye kujitambulisha. Tulijua wote kwamba ujana wake aliendesha ndege za mabomu kwenye vita kuu ya pili. Mkuu wa Jimbo alilisema kanisani siku ya kumkaribisha. Watu wakasema wakola, wakola waitu, ndiyo asante yetu, wakaenda kula ndizi. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Ni mgeni, na mgeni huanzi kumchimba.

Baada ya mbuzi nilipandishwa cheo, nikawekwa stoo ya mizigo. Kazi ya stoo ni kupima. Ndege ndogo ya propela moja haibebi kwa kukadiria. Mzigo mzito unakaa mbele karibu na rubani, mwepesi nyuma, kwa sababu mkia ukizidi uzito ndege inainua pua na kuanguka. Kwa hiyo kila kitu kinapanda mizani, na watu pia. Mizani yenyewe ilikuwa ya kahawa, ile ya kuning'iniza magunia, tumeifungia kibao cha kukalia.

Mkuu wa Jimbo, mtu wa heshima na wa tumbo, akaja kusafiri. Akaiona ile mizani akasimama.

"Mimi nakwenda kuhubiri," akasema. "Siendi kuuzwa."

Kanyonyi akamwambia, "Baba Mchungaji, nikikosea uzito wako utawahubiria samaki."

Akapanda. Nami nikasoma kilo kwa sauti kama nilivyofundishwa. Akanigeukia, "Binti, si lazima usharika wote usikie."

Jambo moja Kanyonyi alikuwa haliachii, na ndilo ninalotaka kuwaeleza. Ndege ikiwa hewani, hakitoki kitu. Mara ya kwanza aliponipandisha tulikuwa tunapeleka dawa Bukoba. Mimi nina ndizi mbivu zangu kwenye kitenge. Nikala moja, nikafungua kile kidirisha, nikatupa ganda. Nani asingetupa? Chini ni msitu.  Tulipotua Bukoba Kanyonyi akazima injini, akakaa na mikono kwenye usukani.

"Lile ganda limeangukia wapi?"

"Si huko porini, Kanyonyi."

"Wapi porini?"

"Mimi nitajuaje?"

"Ndiyo," akasema. "Hujui." Akashuka kwenda kupakua. Safari zote zilizofuata nikawa narudi na maganda yangu kwenye kitenge, nikamwona ni mtu wa vituko. Mwana wa watu kumbe ana yake.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya vita vya Kagera, upepo uliingia ziwani ukakataa kutoka. Mitumbwi ikavutwa juu mchangani. Katika wale wa mwisho kuvuka alikuwepo mvuvi mmoja kutoka kisiwa kimojawapo cha vile vya Muleba. Akafika hospitali ya misheni amelowa, anatetemeka, akasema kisiwani kuna ugonjwa wa kuhara, watu wanakauka, na nesi wa zahanati amemaliza maji ya drip. Yale maji enzi hizo yalikuwa kwenye chupa za kioo, siyo mifuko ya plastiki kama sasa.

Kisiwa kile ndiko alikoolewa dada yangu Yunia.

Boti ya misheni ilijaribu ikarudi imejaa maji. Na kisiwani hakuna pa kutua ndege: ni mawe, vibanja vya migomba, na kauwanja kadogo ka shule kasikotosha hata kugeuza trekta. Daktari Mkuu akaja kiwanjani mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile alikuwa hajalala.

"Utazifunga vizuri, utapita chini, utadondosha kwenye uwanja wa shule," akamwambia Kanyonyi.

"Nitakupeleka popote penye ardhi ya kutua," Kanyonyi akajibu. "Kudondosha, hapana."

"Ni dawa."

"Najua ni dawa."

"Siyo bomu, bwana."

 Daktari mwenyewe aliona limemtoka, akavaa kofia akaondoka. Fundi wa ndege akajifanya anatafuta spana. Kanyonyi akaenda kukaa juu ya tairi la akiba, nyuma ya stoo. Mimi nikamfuata. Sikumfuata kwa ajili yake, nilimfuata kwa ajili ya Yunia.

Hapo ndipo akanieleza kazi yake ya zamani, na alinieleza kama anavyonifundisha kufunga mizigo, taratibu, kitu kimoja baada ya kingine.

Ndege ilikuwa ya injini nne, watu kumi ndani, na yeye rubani alikuwa kijana kuliko mimi siku ile. Walitoka Uingereza asubuhi, ndege nyingi zimepangana kama bata. Kule juu, juu kuliko Kilimanjaro, mate yanaganda. Wanavaa nguo zenye nyaya za umeme ndani za kupasha mwili, na wanafunga mpira wa hewa puani, maana hewa ya huko haimtoshi mtu. Mbele kabisa kwenye pua ya kioo analala mmoja, huyo ni mlenga mabomu. Wakikaribia mji, yeye ndiye anayetoa amri. Kazi ya rubani hapo inabaki moja: kunyoosha ndege. Mizinga inapigwa kutoka chini, moshi mweusi unapasuka pembeni, hukwepi. Ukikwepa, mabomu yanapotea. Mwenzako wa kulia anawaka moto, hukwepi.

"Halafu mlenga anasema yametoka," akaniambia. "Na ndege inaruka juu kidogo, yenyewe, kwa sababu imekuwa nyepesi. Mimi nilikuwa naipenda hiyo. Maana yake tunageuka, tunakwenda kula."

Nikamuuliza, "Na chini unaona nini?"

"Moshi. Mistari. Ni kama wewe ukiwa kilimani unatazama vibanja vya ng'ambo. Mtu, hapana. Safari zangu zote, mtu sikuwahi kumwona hata mmoja."

Akaendelea. Vita ilipokwisha walimpeleka kwenye mji mmoja aliokuwa ameupita juu. Akatembea. Akakuta mama mzee anapika supu ya viazi kwenye jiko lisilo na ukuta, ukuta mmoja haupo, unaona barabara. Yule mama akamwita ndani akampa bakuli. Akamuuliza, kijana, vitani ulifanya kazi gani?

"Ulimjibu nini?" nikasema.

"Nilimwambia nilikuwa mpishi."

"Halafu?"

"Nikamaliza supu."

Tangu siku hiyo alisema hatadondosha kitu tena kutoka kwenye ndege, hata barua, hata biskuti. Ndiyo maana alikuja kurusha ndege huku kwetu, ambako mzigo unaubeba, unatua nao, unamkabidhi mtu.

Ningempa pole, lakini pole yangu siku ile ilikuwa na mwenyewe. Nikamwambia, "Kanyonyi, mimi pale nina dada. Anaitwa Yunia. Ni mrefu kama mimi, anakohoa akicheka. Nyumba yake iko nyuma ya shule, ina bati jipya. Huyo siyo mistari."

Akanitazama.

"Nikishuka, nitamwona?"

"Ukishuka mpaka chini utamwona. Ukipita huko juu na bata wako, hutamwona."

Akainuka. Akasema masharti yake. Atashuka mpaka aone nyuso. Akiona hata mtoto mmoja chini ya mlango, tunarudi. Na anataka msukumaji anayetii. Fundi alikuwa na kilo nyingi, kwa hiyo nikaenda mimi.

Kufunga zile chupa nilifunga mwenyewe, kama tunavyofunga vibuyu vya lubisi, pombe yetu ya ndizi, kusafiri navyo. Kila chupa unaivisha majani makavu ya mgomba, tena na tena, mpaka inanona kama mtoto wa Desemba, halafu unazipanga zisigusane, unajaza nyasi, unatia kwenye gunia la kahawa, unakaza kamba. Fundi aling'oa mlango wa ndege upande wangu, ndivyo inavyofanyika, na akanifunga kiunoni kwa kamba kwenye kiti. Nikatamani mama anione. Halafu nikatamani asinione.

Ziwa lilikuwa jeupe kwa mapovu. Tukafika, Kanyonyi akashuka, akashuka, mpaka nikaona mbwa. Nikaona kuku. Nikaona watu wanatoka nyumbani na kukimbilia uwanja wa shule. Na wakaja wakasimama pale pale katikati wameinua mikono miwili, yote miwili, viganja juu.

Mnaelewa walichokuwa wanafanya? Walikuwa wanapokea. Sisi zawadi haipokelewi kwa mkono mmoja, na haiachwi ianguke chini mwenye kutoa anaangalia. Ni matusi. Gunia la chupa linatoka angani, na watu wazima wametega mikono kwa adabu kulipokea. Lingemvunja mtu shingo.

Kanyonyi akavuta usukani tukapanda. Akazunguka, akaja upande wa pili, wakakimbilia upande wa pili. Mimi nawapungia watoke, wao wananipungia. Tukazunguka tena, wakatufuata tena, wengine wanapiga magoti kabisa. Nikalia, nikamwambia nisukume tu, watakwepa. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mimi nimeshasikia hiyo. Watakwepa." Tukarudi na mzigo wetu.

Kutua, ndege ikaruka kwenye shimo la panya, gunia likachanika ubavuni kwenye ncha ya chuma. Chupa hazikuvunjika. Lakini gunia jingine zima hakuna, yote yameshaenda na kahawa. Jua linashuka. Stoo nzima kitambaa kigumu kilikuwa kimoja, nacho ni lubugo aliyoiacha Mkuu wa Jimbo ipelekwe msibani. Lubugo ni nguo ya gome la mti, rangi ya kutu, nzito. Zamani wazee waliivaa. Siku zetu kazi yake ilikuwa imebaki kubwa moja, kumzikia mtu.

Fundi akanitazama. "Utamtumia dada yako sanda?"

"Lete kamba," nikamwambia.

Nilikaza huku naomba Mungu wasiitambue. Sikuwa na hila yoyote, msije mkanisifia bure. Ila kamba haikutosha, pembe ya lubugo ikabaki nje, na tulipokuwa juu ya kisiwa ile pembe ikatoka mlangoni ikaanza kupepea.

Watu walikuwa wameshajaa uwanjani, mikono juu. Tunapita mara ya kwanza, naona uso mmoja unabadilika. Mama mmoja anashusha mikono. Anamvuta mwenzake. Halafu kama umemwaga maji ya moto kwenye siafu: walitawanyika wote, wengine migombani, wengine nyuma ya choo cha shule. Nani anapokea sanda kwa mikono miwili? Tulipogeuka kurudi uwanja ulikuwa mtupu kabisa, kumebaki kandambili moja.

"Wamekwenda wapi?" Kanyonyi akauliza.

"Kanyonyi, usiulize. Uwanja ni mweupe?"

Akaangalia. Akaangalia kweli, kushoto, kulia, chini ya mlango. "Ni mweupe."

"Nisukume?"

 Nikaona mkono wake kwenye usukani umenyooka kama chuma.

"Sukuma."

Nikasukuma kwa miguu. Na ndege ikaruka juu kidogo, yenyewe. Nikaisikia tumboni. Nikamwangalia Kanyonyi, naye alikuwa ananiangalia, na wala hakugeuka kwenda nyumbani. Akazunguka. Akashuka tena chini kuliko mara zote. Mzigo umekaa katikati ya uwanja, na hakuna Mhaya anayeusogelea. Halafu akatoka nesi, mwanamke mfupi wa nguo nyeupe. Huyo alikuwa wa kwao Songea, yeye aliona blanketi. Akapiga magoti, akafungua, akainua chupa moja juu kutuonyesha.

"Nimemwona," Kanyonyi akasema. Alisema kwa Kiswahili, kisha akasema kwa Kiingereza.

Upepo ulipotulia nilivuka kwa mtumbwi. Yunia alikuwa amekaa mlangoni, amekonda, macho yako ndani. Salamu yake ya kwanza ikawa, "Wewe ndiye uliyenitupia sanda nikiwa hai? Ulikuwa na haraka gani?" Akacheka akakohoa. Halafu akaniambia shemeji hatukuwa naye tena, alikwisha asubuhi ya siku ile ile, kabla ya ndege. Ile lubugo ndiyo waliyomzikia. Wakatoa dawa ndani, wakaikung'uta, ikafanya kazi yake.

Nilimpelekea Kanyonyi habari yote, ya Yunia na ya shemeji. Akaniuliza jina la shemeji. Akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa mtu wa kelele, mvuvi wa uongo mwingi, anapenda watoto. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema wakola, akaenda kuchuja mafuta. Mafuta ya ndege yanachujwa kwa ngozi laini ili maji yabaki juu, yakiingia maji injini inazima. Baada ya hapo alidondosha dawa mara nyingine, pakiwa na lazima. Lakini kila mara alirudi kuzunguka, kumtafuta anayepokea. Fundi alilalamika mafuta yanakwisha. Alilalamika peke yake.

Vita vya Kagera vilipoanza ndege zile ndogo zikasimama, na Kanyonyi akaitwa kwao. Siku ya kuondoka alinipa fimbo yangu ya mbuzi, alikuwa ameitunza. Mimi nikahamishiwa hospitali, chumba cha kufulia, chini ya Sista Mkuu ambaye naweza kuwaeleza habari zake siku nzima, nikafua mashuka mpaka nikastaafu. Kiwanja wamepanda mikaratusi. Sasa nakaa hapa Ijuganyondo na migomba yangu, na ndege kubwa zinazotua mjini nazisikia kabla hamjazisikia. Bado nikiisikia moja naangalia kama kuna mbuzi.

Kazi ni kazi. Kufukuza mbuzi, kupima wachungaji, kufua. Kuna kazi nyingine unamaliza na unamjua uliyemfanyia, na kuna nyingine unakula mshahara wake na humjui. Mimi hilo ndilo nililolipata kazini, na si darasani, darasani niliishia la tatu.

Mjukuu wangu Asimwe, binti wa kifungua mimba wangu, yuko jeshini, anajifunza kurusha ndege. Alikuja likizo mwezi uliopita, amenyoa, anatembea kama bunduki. Nikampikia ndizi na senene niliokuwa nimewaweka. Nikamweleza haya yote ninayowaeleza. Kisha nikamwambia, "Asimwe, niahidi hutadondosha bomu."

Akaweka kijiko chini. "Bibi, mimi ni askari. Hiyo siwezi kukuahidi, nitakuwa nakudanganya."

Nikasema sawa. Nikamwongezea mchuzi. Tukala.

Alipomaliza alipeleka sahani nje, akaosha, akarudi akapiga magoti mbele yangu kama wasichana wa zamani, akashika mikono yangu miwili.

"Ninachoweza ni hiki," akasema. "Kila nitakachodondosha, nitakuja hapa nikuambie kimemwangukia nani. Na kama simjui, Bibi, nitakuja hivyo hivyo. Nitakaa hapa chini nikuambie simjui."